Shemeji, Kiswahili Si Kozi ya Waliokosa

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa dada yangu, Umoja One, ghorofa ya tatu. Chapati zilikuwa zimefunikwa, ndengu zimeiva, lakini hakuna aliyenawa mikono. Mpwa wangu aliketi ukingoni mwa kochi, simu mkononi, kama mtu anayengoja kusomewa mashtaka. KUCCPS walikuwa wamemweka chuo kikuu kusomea Kiswahili na fasihi yake. Kibaya zaidi machoni pa wazee, haikuwa ajali: aliijaza kozi hiyo mwenyewe, chaguo la kwanza, na alama zake zingemwingiza kwingine.

Sikusema mengi siku ile. Nyumba ni ya shemeji, mtoto ni wake, na mimi ni mjomba tu niliyekuja na mkate na maziwa. Nilikula, nikaaga, nikapanda matatu hadi Jericho. Ila maneno yaliyotoka pale si mageni kwangu. Niliambiwa yayo hayo nilipoichukua kozi hiyo miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo nimekula kwa lugha: kutafsiri, kuhariri, kufundisha kidogo. Basi nayajibu kwa maandishi, moja moja, kwa sauti za waliosema. Shemeji ataniwia radhi. Nimekusudia awe wa kwanza kuyasoma.

"Kiswahili si tunakijua? Anaenda kusomea nini huko?"

Hili lilitoka kwa jirani wa mlango wa pili, dereva wa matatu, mtu mcheshi mwenye Kiswahili kitamu kuliko cha baadhi ya wahadhiri wangu. Ndiyo maana naanza naye.

Jirani, wewe husema "magari zimejaa Jogoo Road" na "viti zimeisha", ila sijakusikia hata siku moja ukisema "watu zimejaa". Watu kwako wamejaa, siku zote. Nani alikufundisha? Hakuna mwalimu aliyekwambia kwamba katika Kiswahili cha Nairobi vitu visivyo na uhai hukimbilia ngeli moja, I kwa umoja na ZI kwa wingi, na wenye uhai hubaki kwenye A-WA. Hata hivyo kanuni hiyo unaifuata bila kujikwaa, wewe na kondakta wako na mama anayeuza mayai pale Mutindwa. Hiyo ni sarufi. Mwalimu wa shule ya msingi ataiita kosa, aipige mkwaju wa kalamu nyekundu, aende zake. Mwanaisimu atauliza imetoka wapi, kwa nini uhai ndio uliokuwa mpaka, na kama wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi nao wamepita njia hiyo hiyo. Umbali kati ya kukisema kitu na kujua kinavyofanya kazi ni miaka minne ya kusoma, na huko ndiko mpwa wangu anakokwenda.

Tena hicho tunachodai kukijua ni kipande. Mpwa alipata A katika Kiswahili cha KCSE, karatasi zote tatu, insha, lugha na fasihi. Siku moja nilimpa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir juu ya fahari ya Pate iliyogeuka magofu. Alisoma mistari kumi akaniuliza kama hiki ni Kiswahili kweli. Ni Kiswahili cha kaskazini, ambamo njia ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato, na kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka una tarehe ya 1728. Reli ilifika hapa Nairobi mwaka 1899. Lugha yenye mashairi yaliyotangulia mji wetu kwa miaka mia na sabini huwezi kuimaliza kwa kuzaliwa Umoja.

Hapa niseme jambo litakalojirudia, maana limenikaa. Katika darasa la nadharia tulifundishwa Umuundo, na ndani yake nikakutana na Wacheki: Vilém Mathesius na wenzake walioanzisha Duara la Isimu la Prague mwaka 1926, na Jan Mukařovský aliyeeleza jinsi ushairi unavyoipinda lugha ya kawaida mpaka msomaji aione upya. Niliwafuatilia kwa udadisi tu, kama mtu anavyofuatilia timu ya mpira ya nchi asiyowahi kufika. Nikagundua kwamba mtoto wa Prague yuko karibu na mtoto wa Eastlands kuliko nilivyodhani. Kitabuni dirisha ni okno. Nyumbani na barabarani atasema vokno. Kitabuni "-zuri" ni dobrý. Mdomoni ni dobrej. Kiko Kicheki cha vitabu na kiko Kicheki cha watu, na mtoto huingia shule kujifunza lugha yake mwenyewe nusu mwenyeji, nusu mgeni. Na katika Chuo Kikuu cha Charles, kilichoanzishwa mwaka 1348, wapo vijana waliozaliwa ndani ya Kicheki wanaosomea Kicheki na fasihi yake hadi uzamivu. Nadhani na wao wana majirani.

"Huyu ni wa Eastlands. Ni Sheng tupu. Kiswahili awaachie watu wa Pwani."

Binamu yetu alioa Mombasa, na tangu aoe amekuwa Mswahili kuliko Waswahili. Alilisema hili huku akimega chapati, kwa ile sauti ya mtu anayefunga mjadala.

Binamu, Kiswahili sanifu si cha Mombasa pia. Mwaka 1928 wakoloni walifanya mkutano, tena hapo hapo Mombasa, wakaamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachosanifishwa. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikawekwa kando katika mji wake wenyewe. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ya kusimamia tahajia na vitabu, na 1939 ikatoka kamusi ya Frederick Johnson. Tangu hapo kila asiyetoka Unguja mjini huingia sanifu kwa kubisha hodi. Mama mkwe wako akikuita "ndoo" akimaanisha "njoo", amesema Kiswahili kizee kuliko cha kamusi, na KCSE ingemkata alama.

Wacheki walipita humo humo, na safari yao ilikuwa chungu zaidi. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1620 Kijerumani kilipanda juu ya Kicheki mpaka kikawa lugha ya ofisi, ya shule na ya watu waliosoma. Josef Dobrovský, mtu aliyekipenda Kicheki kwa moyo wote, alipoandika sarufi yake kubwa ya 1809 aliiandika kwa Kijerumani. Kisha Josef Jungmann akatoa kamusi ya Kicheki na Kijerumani, majuzuu matano, kati ya 1834 na 1839, akiokota maneno ya vitabu vya kale, akibuni mengine, akikopa kwa Wapolandi na Warusi. Kielelezo chao kikawa lugha ya Biblia ya Kralice ya mwishoni mwa karne ya 16. Ndiyo sababu kitabu na barabara havijakutana mpaka leo. Hiyo haikumfanya mtu wa Prague aambiwe Kicheki awaachie wengine.

Na ukitaka ushahidi wa karibu, tazama rafu ya vitabu teule vya shule za upili. Ken Walibora, aliyeandika Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Kyallo Wadi Wamitila, ambaye Kamusi ya Fasihi yake iko mezani kwangu ikiwa imeshikiliwa na gundi, ni mtu wa Ukambani. Kama wangesubiri ruhusa ya Pwani, tungesoma nini?

Sasa Sheng. Wataalamu hawajakubaliana ilizaliwa lini. Wapo wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 1930, wengi huitaja miaka ya 1960 na 1970, lakini hakuna anayebisha ni mtoto wa mitaa gani: Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Makongeni, Ziwani, Bahati, Jericho. Chumba kimoja, wazazi wana lugha yao ya nyumbani, mlango wa pili wana nyingine, na uwanja wa mpira ni mmoja. Ukisikia mtu akisema Sheng haina sarufi, muulize wingi wa msee. Atakujibu wasee. Mtoi? Watoi. Karao? Makarao. "Tumedishi" imebeba kiambishi cha nafsi na cha wakati, kila kimoja mahali pake, kama "tumekula" ya bibi yangu. Maneno yamebadilika kila baada ya miaka michache. Mifupa ni ya Kiswahili. Chege Githiora alipochapisha kitabu chake cha 2018 juu ya Sheng, hata katika kichwa chake aliiita aina ya Kiswahili cha Kenya. Na miongoni mwa waliotangulia kuiandikia kwa uzito wa kitaaluma, mwaka 1995, ni Alamin Mazrui. Mtu wa Mombasa, binamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walitoa wimbo wakauita "Tafsiri Hii". Jina hilo ni changamoto ya kitaaluma kuliko maswali mengi ya mtihani niliyowahi kufanya. Mwanafunzi wa ushairi aliyekulia Phase Four hahitaji nauli ya kwenda kukusanya data. Ataipata dirishani.

Lakini sitamdanganya mpwa wangu. Sheng ni mali, haiwi kisingizio. Mwaka wangu wa pili niliandika tasnifu ndogo ya semina, nikaandika "hiyo maneno" mara nne, na nilipokosolewa nikajitetea kwamba ndivyo tunavyosema Jericho. Mhadhiri hakubisha kwamba ndivyo tunavyosema. Alisema tu kwamba mfanyakazi wa lugha lazima awe na nguo mbili na ajue ipi ya wapi, akanirudishia karatasi niandike upya. Nilikasirika wiki nzima. Kazi yote niliyopata baadaye niliipata kwa sababu ya nguo ya pili.

"Atakuwa mwalimu, na TSC haiajiri."

Hili ni la shemeji mwenyewe. Hakulisema kwa sauti kubwa. Alilisema akiangalia sakafu, na kwa hilo namheshimu, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote na nusu yake ni kweli.

Ni kweli kwamba katika ploti zetu wamejaa walimu wa Kiswahili na dini, au Kiswahili na historia, waliohitimu zamani na bado wanafundisha akademi za mtaani kwa mshahara unaoishia kwenye nyumba na nauli. Ni kweli kwamba waliochukuliwa shule za sekondari ya msingi kama wanagenzi mwaka 2023 walianzia posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Shemeji ana ndugu yake aliyengoja barua ya TSC mpaka mvi zikatokeza. Mtu aliyeona hayo nyumbani kwake hawezi kuambiwa anaogopa bure.

Kosa liko katika neno "atakuwa". Tume ya Mackay ya 1981 ilipendekeza, na 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, msingi na sekondari. Ghafla nchi ikahitaji walimu wa Kiswahili kwa maelfu, na shule zikameza karibu kila aliyekisomea. Basi watoto wa miaka ile, ambao leo ndio wazazi, wamekua wakimwona mfanyakazi mmoja tu wa Kiswahili: yule mwenye chaki. Wengine wako, ila hawapiti mtaani wakiwa na chaki mkononi.

Nikueleze wiki yangu, shemeji, kwa sababu hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kueleza. Jumatatu nilikuwa na kijitabu cha bima ya afya, kurasa arobaini, kutoka Kiingereza. Humo mna maneno ambayo ukiyakosea mama fulani wa Kayole atadhani analipiwa asicholipiwa. Jumatano nilihariri hadithi za watoto kwa mchapishaji. Ijumaa nilikaa studioni nikisikiliza wasomaji wa sauti na kuwasahihisha mkazo. Sijafika darasani wiki nzima. Wenzangu niliomaliza nao, mmoja yuko chumba cha habari cha redio, mmoja ni mkalimani mahakamani, mmoja huandika taarifa rasmi za mijadala bungeni, ambako Kiswahili kimeruhusiwa tangu Mzee Kenyatta alipoamuru hivyo mwaka 1974. Mmoja alikwenda Marekani kupitia mpango wa FLTA wa Fulbright, ambao huwachukua vijana wa huku wakafundishe Kiswahili katika vyuo vikuu vya kule kwa mwaka mmoja wa masomo.

Ken Walibora alianza akiwa afisa wa uangalizi wa wafungwa wa nje, akawa msomaji wa habari za Kiswahili wa NTV, akachukua uzamivu Ohio State, akafundisha Wisconsin, akarudi nyumbani. Aprili 2020 aligongwa na gari Landhies Road, pale Muthurwa tunaposhukia sote, na nchi ilimlilia kama inavyowalilia wanasiasa, tena bila kulipwa.

Sisemi kazi hizi ni nyingi. Sisemi pia zinalipa kwa wakati. Yuko mteja mmoja, simtaji, aliyenilipa baada ya miezi minane na akataka shukrani. Mtafsiri hulipwa kwa neno, na mwezi mbaya ni mwezi mbaya. Nasema tu kwamba anayezipata ni yule mwenye Kiswahili na kitu cha pili kilichonolewa pamoja nacho. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo iko Zanzibar. SADC walikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakipa nafasi ya lugha ya kazi mwaka 2022. Mikutano ya jumuiya hizo zote ina watu wanaozungumza Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na kati yao lazima akae mtu. Mpwa akichukua Kifaransa kama somo la pili, shemeji, huo ndio ushauri wangu wa kazi, na nauweka mbele ya ushauri wa ualimu.

Lalamiko langu ni kwa upande mwingine kabisa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ingia ofisi yoyote ya umma hapa Nairobi uombe fomu ya Kiswahili, uone utakavyotazamwa. Siku serikali itakapoamua kuitii katiba yake katika fomu tu, wahitimu wote walioko mtaani hawatatosha. Hasira ya wazazi ingefaa ielekezwe huko kuliko kwa binti aliyejaza kozi.

"Fasihi ni hadithi. Haijengi barabara."

Mzee wa kanisa. Nitakuwa mfupi kwa sababu ya heshima.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi kiitwacho Kenya: Twendapi? Akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake. Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri, yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikashinda tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Mzee, hakuna mtu aliyefungwa Kenya kwa kujenga barabara.

Na tarehe 17 Novemba 1939 Wanazi walivifunga vyuo vikuu vyote vya Wacheki, wakawapiga risasi viongozi tisa wa wanafunzi na wasomi, wakapeleka zaidi ya elfu moja kambini. Vyuo vya Kijerumani vya huko huko viliachwa wazi. Waliojua kutawala walijua lugha ya darasani ina uzito gani.

"Dunia ya leo ni kompyuta."

Kijana wa saiber, mtoto wa dada mkubwa. Wewe hutaja roboti kila baada ya sentensi mbili, kwa hiyo ujue neno hilo halikutoka maabara. Lilitoka kwenye tamthilia. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha R.U.R. mwaka 1920, alihitaji jina la vibarua wa kutengenezwa, na kaka yake Josef, mchoraji, akampa moja kutokana na robota, yaani kazi ya shokoa. Lugha ndogo, mtunzi mmoja, na dunia nzima imelikopa, Kiswahili kikiwemo.

Mashine za leo hula maandishi na sauti za watu. Kiswahili kiliingia Google Translate mwaka 2009, na mradi wa Common Voice ulianza kukusanya sauti zetu mwaka 2021. Lazima awepo mtu wa kusema sauti ipi ni ya wapi, na kwamba "magari zimejaa" ya jirani ni Kiswahili cha Nairobi kilicho timamu, wala kinasa hakikuharibika. Mtu huyo hatoki kitivo cha uhandisi peke yake.

"Heri angesoma lugha ya wazungu aende nje."

Shangazi wa Buruburu, ambaye huwa na neno la mwisho. Alitaja Kijerumani, akataja Kichina, kisha akasema enzi za Odinga vijana walikwenda hata Prague wakarudi madaktari na wahandisi.

Shangazi, hilo ni kweli, na nashukuru umelitaja. Miaka ya 1960 Wakenya walikuwa miongoni mwa Waafrika waliopelekwa Chekoslovakia kwa ufadhili wa nchi za Mashariki, wengi wakipitia Kairo. Mwaka 1961 Prague ilifungua chuo maalumu kwa wageni, kikaitwa Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kwa kumbukumbu ya siku ile ile niliyomtajia mzee wa kanisa. Kilifungwa mwaka 1974. Kabla ya mwanafunzi kugusa udaktari au uhandisi, alitiwa kwanza darasa la Kicheki, lugha yenye hali saba za uhusika wa nomino na herufi ř ambayo hata watoto wao huchelewa kuitamka. Aliyekulia kati ya Kijaluo, Kikuyu na Kiswahili hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa amezoea kwamba lugha ni vitu vinavyojifunzwa.

Mlango huo haujafungwa. Mpaka leo, katika vyuo vikuu vya umma vya Ucheki, programu zinazofundishwa kwa Kicheki hazilipishi karo, hata kwa mgeni. Huweka sharti moja: ujue Kicheki cha kutosha kukaa darasani, na mwaka wa matayarisho wa kujifunza lugha hiyo ndio wa kulipia, huko Poděbrady na kwingineko. Kijana wa Eastlands anayetaka kwenda, namwambia aende. Nitamsindikiza mpaka uwanja wa ndege.

Lakini tazama wanachofanya wenyewe. Kicheki kina wasemaji wapatao milioni 10. UNESCO inakadiria Kiswahili kina zaidi ya milioni 200, na tangu Novemba 2021 imekitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Wale milioni 10 wana Nobeli ya fasihi ya Jaroslav Seifert ya 1984, waliwahi kuwa na rais aliyekuwa mwandishi wa tamthilia, Václav Havel, na hawaoni haya kumlipia mtoto kusomea okno na vokno. Na Chekoslovakia ndiyo iliyotutolea Elena Zúbková Bertoncini, aliyefundisha Kiswahili Naples kwa miaka mingi, na mwaka 1989 akachapisha historia ya fasihi ya Kiswahili ambayo wanafunzi wa Nairobi bado huinukuu. Toleo la 2009 aliliandika pamoja na wengine, Wamitila akiwa mmoja wao. Alitoka mbali kuja kusoma kilichoandikwa huku, naye binti yenu anaambiwa aende mbali ili asikisome.

Hayo ndiyo majibu yangu. Shangazi akitaka kubisha, anajua niliko, blok ya karibu na ukumbi, mlango wa kijani.

Shemeji, kwako nina ombi moja tu. Fomu za mkopo wa HELB zinataka nakala ya kitambulisho chako na binti anaona haya kukuomba baada ya maneno ya Jumapili. Iache kwa dada, juu ya friji. Nitaipitia Jumamosi asubuhi kabla saiber hazijajaa.